Maji Yatoke Wapi? Somo Nililolipata Saiti ya Mnyambe

Wanachuo wenzangu, kwenye lojibuku yangu ya fildi ya mwaka wa tatu kuna mchoro mmoja ambao mhadhiri aliyekuja kunikagua aliusifia. Ni mchoro wa saiti ya ekari mbili hivi, huko Mnyambe, Newala. Upande wa chini nimechora mtaro. Mwisho wa mtaro nimechora kitambaa cha kuchujia tope. Baada ya kitambaa nimechora mshale na kuandika "maji yatoke hapa". Mshale wenyewe unaishia ukingoni mwa karatasi. Alama nilizopata zilikuwa nzuri, na sikuwa na sababu ya kuufikiria tena mchoro ule mpaka Februari iliyofuata.

Makala haya ni ya kueleza kilichokuwa ng'ambo ya ukingo wa karatasi ile. Ukisoma uhandisi, ukadiriaji majenzi, usanifu au mazingira, utakutana na jambo hili kazini. Na hata kama unasoma sheria au ualimu, siku moja utajenga nyumba, na mvua itanyesha kabla hujaezeka.

Agosti hakuna mvua

Nilichagua Mnyambe kwa sababu bibi yangu anaishi huko. Hela ya fildi mnaijua: ukilipa chumba, hujala. Kwa bibi nilikuwa na chumba, ugali na mtu wa kuniamsha saa kumi na moja alfajiri.

Saiti ilikuwa imeanza kusafishwa. Mikorosho ilishang'olewa, udongo wa juu umekwanguliwa, na malori yalikuwa yanaleta kifusi chekundu na kukishindilia. Ilikuwa Agosti, vumbi tupu. Kusini kule mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Msimamizi akaniambia, "Kijana, tuchoree mitaro ya muda ya maji ya mvua, wewe si umesoma?" Nikachora. Yaani nilipanga njia ya maji ambayo sijawahi kuyaona, mahali ambapo nilikuwa na wiki tatu tu.

Kuna jambo ningepaswa kulijua kabla ya kushika penseli. Uwanda wa Makonde juu hauna mito. Udongo wake mwingi ni mchanga mwekundu unaokunywa maji haraka sana. Mvua inazama, na chemchemi zinatokea chini kabisa, kwenye miteremko na mabondeni. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika jinsi watu walivyoishi juu huku maji yakichotwa mbali, chini ya uwanda. Aliandika pia simulizi ya asili ya Wamakonde: watoto wa kwanza, waliozaliwa karibu na maji, walikufa, aliyezaliwa juu kwenye uwanda aliishi. Ndiyo maana wazee waliusia watu wasijenge mabondeni. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, unafanya kazi ya kupandisha maji kutoka Mitema chini hadi juu kwa watu wa Newala, Tandahimba na Nanyamba. Lakini bomba ni bomba, kuna siku linatoa na kuna siku linakauka. Kwa hiyo kaya nyingi zina kisima cha maji ya mvua: shimo lililochimbwa uani, likajengewa kwa saruji, linalopokea maji kutoka bati la nyumba au kutoka sakafu ya saruji inayozunguka mdomo wake.

Piga hesabu ndogo. Kisima cha lita 20,000, kaya ikitumia ndoo tano za lita 20 kwa siku, kinatosha siku 200. Kiangazi cha kule, kuanzia Mei hadi Novemba, ni kama siku 200. Kisima kikijaa Aprili, mwaka umepita salama.

Februari

Tulipofunga semesta ya kwanza ya mwaka wa nne nilienda kumsalimia bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umefika siku nzuri. Kesho nenda kwa jirani ukayaone maji yenu."

Nilisikia vizuri alivyosema "yenu".

Usiku ule mvua ilinyesha kama saa nzima, ya nguvu. Asubuhi nilipita saiti kwanza. Kitambaa changu kilikuwa kimelala chini, vigingi vimeng'oka, tope limekivuka na kufuata njia ya miguu. Nikalifuata. Hatua kama mia mbili hivi, tope likaingia uani kwa jirani wa bibi, likapanda kwenye sakafu ya saruji na kuishia kwenye mdomo wa kisima.

Mzee mwenye nyumba alikuwa amekaa barazani. Nilimwamkia, akaitika, akanyanyuka na kufungua mfuniko. "Chungulia, mjukuu." Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akasema, "Haya ndiyo tunayanywa mpaka Novemba. Hii mara ya tatu tope kuingia. Mafundi wanasema mchoro ulikuja kutoka chuo. Sasa niambie wewe unayesoma: yatakuwa meupe lini?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo halijawahi kuja kwenye mtihani wangu wowote, na kumbe jibu lake lilikuwa kwenye madesa ya mwaka wa pili.

Yatakuwa meupe lini?

Kasi ya chembe kuzama majini inategemea kipenyo chake kikizidishwa kwa chenyewe. Ndiyo kanuni ya Stokes. Chembe ikiwa ndogo mara kumi, inazama polepole mara mia. Kwa chembe za kawaida za udongo katika maji yaliyotulia:

Mchanga mwembamba wa milimita 0.1 unazama takriban milimita 9 kwa sekunde. Mita moja ni kama dakika mbili.

Silti, lile vumbi laini la udongo, ya milimita 0.01 inazama takriban milimita 0.09 kwa sekunde. Mita moja ni kama saa tatu.

Mfinyanzi wa milimita 0.001 unazama takriban milimita 0.0009 kwa sekunde. Mita moja ni karibu siku 13.

Kisima cha mzee kina kina cha mita mbili. Kwa hiyo mfinyanzi ulioko juu ungehitaji karibu siku 26 kufika chini, maji yasiguswe kabisa. Lakini maji ya kunywa yanachotwa kila siku, na kila ndoo inayotumbukia inavuruga tope upya. Nyingine ni ndogo zaidi ya hiyo, na hizo huweza kuelea tu, kwa sababu chembe za mfinyanzi zina chaji hasi zinazosukumana. Jibu la kweli kwa mzee lilikuwa: kwa msimu huu, babu, hayatakuwa meupe yenyewe.

Na tope si suala la rangi tu. Vijidudu hujificha kwenye chembe, na dawa ya klorini inamalizwa na uchafu kabla haijawafikia. Maji ya tope ukiyatia dawa unaweza kudhani umeyatibu, kumbe bado.

Kwa nini kitambaa kilianguka

Nilidhani kitambaa kilifungwa vibaya. Nikataka kuwalaumu mafundi. Basi jioni nikakaa na kalamu.

Kitambaa cha kuchujia kazi yake ni kwenye maji yanayotambaa kama shuka nyembamba juu ya ardhi yenye mteremko mdogo. Kinawekwa kufuata usawa wa ardhi, ncha zake zikipindishwa kuelekea juu, na sehemu ya chini inafukiwa kwenye kijifereji cha angalau sentimita 15 ili maji yasipite chini yake. Mimi nilikiweka kukata mtaro, mahali ambapo maji yote ya saiti yanakusanyika. Tope la kwanza lilipofika, matundu yakaziba. Kilichokuwa chujio kikawa ukuta. Maji yakapanda nyuma yake. Yakifika kimo cha sentimita 60, kila mita moja ya kitambaa inasukumwa kwa nguvu ya takriban niutoni 1,770, sawa na uzito wa kilo 180. Ukute vijiti vya mkorosho ndivyo vinavyozuia uzito huo. Fundi gani angevifunga vikae?

Kwa hiyo kosa halikuwa la fundi. Nilianza na hatua ya mwisho. Kuchuja ndiko kunakoonekana kama dawa, ndiyo maana sisi wanafunzi tunakukimbilia. Lakini chujio likipewa kazi yote linaziba ndani ya dakika chache. Mpangilio unaofaa ni huu: kwanza zuia maji masafi yasiingie, pili yapunguze mwendo, tatu yatuamishe, nne yachuje yaliyobaki, tano yatoe mahali ulipokubaliana na mwenye mahali.

Kwanza: usichanganye maji

Kumbuka tu kwamba milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ekari mbili ni kama mita za mraba 8,000. Tuchukulie mvua ya milimita 40 kwa saa moja, ambayo ndiyo niliyoitumia kupangia. Hizo ni lita 320,000. Zote hazitiririki, nyingine zinazama; ndiyo ile C kwenye Q = CiA tuliyokuwa tunaiimba darasani.

Hapa ndipo Mnyambe iliponifundisha. Mchanga ule ukiwa chini ya mikorosho na majani unakunywa karibu mvua yote. Wazee wanakwambia zamani pale palikuwa hapatoki hata kijito. Lakini ukwangue majani, uushindilie kwa lori na mashine, umwage kifusi chenye mfinyanzi juu yake, na matone ya mvua yapigepige uso wake wazi, unapata gamba gumu. Nilikadiria nusu ya mvua inatiririka. Hizo ni lita 160,000 kwa saa moja, kutoka ardhi ambayo mwaka mmoja nyuma haikumpelekea jirani hata ndoo.

Ila si ekari zote mbili zilikuwa wazi. Mita za mraba 3,000 tu ndizo zilizokuwa zimechimbwa. Zilizobaki zilikuwa na majani, na maji yake yalikuwa masafi mpaka yalipovuka eneo la kazi na kuokota tope. Tukachimba mtaro wa kuzuia upande wa juu, na udongo wake tukaufanya tuta upande wa chini. Maji masafi yakazungushwa nje ya saiti. Hesabu ikabadilika: mita 3,000 mara milimita 40 mara nusu, ni lita 60,000. Kutoka mita za ujazo 160 hadi 60, kwa mabeleshi tu. Sijawahi kuona faida kubwa hivyo kwa siku mbili za kazi.

Hatua hii pia inajumuisha kuacha majani mpaka siku unapoyahitaji yaondoke. Saiti nyingi husafishwa zote siku ya kwanza ili ionekane kazi imeanza. Kila mita unayoiacha na majani ni lita usizozitafutia shimo.

Pili na tatu: punguza mwendo, tuamisha

Kwenye mtaro wa maji machafu tuliweka vizuizi vya viroba vilivyojazwa kokoto, katikati chini kidogo kuliko pembeni ili maji yapitie juu ya katikati na yasile kingo. Umbali kati ya kizuizi na kizuizi unapimwa hivi: kitako cha kizuizi cha juu kiwe usawa mmoja na kichwa cha kizuizi cha chini. Kizuizi kikiwa na kimo cha nusu mita kwenye mteremko wa asilimia 4, vinakaa kila baada ya mita 12 na nusu. Maji yanashuka ngazi kwa ngazi badala ya kukimbia, na mchanga unabaki kwenye kila ngazi.

Kisha mashimo mawili. La kwanza dogo, mita 4 kwa 3, kina mita moja, la kupokea mchanga mzito. Hili ndilo mafundi wanaloweza kulizoa kwa toroli baada ya kila mvua. La pili mita 12 kwa 4, kina mita moja. Jumla mita za ujazo 60.

Hapa kuna jambo la mtihani. Maji yakiwa yanapita, kinachoamua chembe ipi ibaki shimoni ni eneo la uso wa shimo, kuliko kina chake. Mtiririko wangu wa kilele ulikuwa kama lita 17 kwa sekunde. Gawanya kwa mita za mraba 48: unapata milimita 0.35 kwa sekunde. Chembe yoyote inayozama haraka kuliko hapo inabaki. Hiyo ni kuanzia kipenyo cha milimita 0.02 hivi kwenda juu. Ukichimba shimo refu kwenda chini lakini jembamba, umepata nafasi ya kuhifadhi tope, ila hujasaidia chembe kutua. Na weka mdomo wa kuingilia mbali na wa kutokea. Shimo refu mara tatu ya upana ni zuri, kwa sababu maji hayapati njia ya mkato.

Ukiwa huna maabara, tumia chupa. Chukua udongo wa saiti yako, jaza robo ya chupa ya plastiki isiyo na rangi, ongeza maji, tikisa, weka mezani. Baada ya dakika mbili weka alama ya kwanza, baada ya saa tatu ya pili, kesho yake ya tatu. Chupa hiyo itakuambia udongo wako una mchanga kiasi gani na tope laini kiasi gani, kabla hujachimba shimo lolote. Mimi niliifanya Februari. Ningeifanya Agosti, ingenigharimu chupa moja.

Nne: kuchuja, na maji yasiyochujika

Baada ya mvua shimo linabaki limejaa, na lazima litolewe kabla ya mvua inayofuata. Hapa ndipo watu wanaharibu kazi yote: wanatumbukiza mpira wa pampu mpaka chini na kuvuta tope lilelile lililotua. Funga mpira kwenye dumu tupu lililozibwa, lielee, mdomo wa mpira ukae chini kidogo ya uso wa maji. Maji ya juu ndiyo masafi. Acha angalau sentimita 20 za chini bila kuzigusa. Upande wa kutolea tulipitisha maji kwenye mfuko wa kitambaa cha kuchujia, ukiwa umelazwa juu ya kitanda cha kokoto. Sasa kitambaa kilikuwa na kazi ndogo, na hakikuziba.

Je, mfinyanzi unaobaki? Kuna shabu, na kuna mbegu za mlonge zilizosagwa, ambazo protini yake ina chaji chanya inayozivuta chembe za mfinyanzi zishikane na kuzama. Zote zinafanya kazi, lakini kipimo lazima kijaribiwe kwanza kwenye vyombo vidogo, kwani ukizidisha shabu unayafanya maji kuwa na asidi. Sisi tuliuachia mchanga wa Mnyambe kazi hiyo, kama nitakavyoeleza.

Ila kuna maji ambayo hakuna kati ya hizo hatua inayoyasaidia. Ni maji ya kuoshea mashine ya zege, mabeseni na mabeleshi. Yakikaa yanakuwa meupe kabisa, unaweza kudhani ni ya kunywa. Lakini saruji inayapandisha pH hadi karibu 12. Yanaunguza ngozi, yanaua majani, na hakuna kitambaa kinachochuja hilo. Yawe na shimo lake, litandikwe turubai, yakauke humo humo, na gamba linalobaki livunjwe litupwe na kifusi cha taka. Hivyo weupe wa maji hautoshi kuwa kipimo.

Tano: mwenye mahali

Siku ya nne ya kazi, msimamizi aliniuliza, "Haya, mshale unaelekea wapi safari hii?" Tukatembea, mimi, yeye na mzee jirani. Nilikuwa na sehemu tatu kichwani. Zote zilikataliwa.

Ya kwanza, barabarani. Mzee akasema barabara ya mchanga ukiipa maji kwa msimu mmoja inageuka mfereji, na kweli, vichochoro vingi vya uwanda vimezama hivyo hivyo. Ya pili, shamba la mikorosho lililo chini. Mwenyewe akaja akasema mkorosho haupendi kusimama majini. Ukiuloweka mizizi inaoza, na mkorosho ndiyo ada ya watoto wake. Ya tatu, korongo. Nilidhani korongo limeshaharibika, kwa nini tusilitumie? Mzee akanipeleka mpaka kichwa cha korongo na kunionyesha mti uliokuwa umebaki na nusu ya mizizi hewani. Maji yakikusanywa na kumwagwa kwenye kichwa cha korongo, korongo linapanda juu kuelekea nyumba. Kwenye uwanda wa mchanga kama ule halihitaji miaka mingi.

Mahali pa kufaa alipataja yeye. Kulikuwa na shamba lililolazwa, limeota majani na vichaka, la ndugu yake. Tulikwenda kuomba, tukaeleza, tukakubaliana kwa maneno mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na msimamizi akaandika. Ukingo wa shimo la pili tukaurefusha kwa mita 10, ukanyooshwa kwa mpira wa maji hadi ukawa usawa kabisa, ukapangwa mawe. Maji yanavuka ukingo wote kwa pamoja, yanatambaa kwenye majani kama shuka, na mchanga unayanywa kabla hayajafika mwisho wa shamba. Mfinyanzi unabaki kwenye majani. Udongo uleule uliokuwa adui tuliposhindilia ndio ukawa chujio bora mahali tulipouacha ulivyo.

Mvua iliyofuata ilikuja baada ya siku mbili. Nilisimama pale na koti la mvua la fundi. Sehemu moja ya ukingo ilizama kidogo na maji yakaanza kukusanyika pale, tukaiziba kwa mawe. Kwa jirani hakikufika kitu.

Kuhusu karatasi

Msidhani sheria haipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai miradi inayohusika ifanyiwe tathmini, na Baraza la Taifa, NEMC, ndilo linalosimamia. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka bodi za mabonde zinazotoa vibali vya kutiririsha majitaka. Kwa kule ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini. Tatizo ni kwamba saiti ndogo haisikii habari hizi. Kwenye BOQ maji ya mvua ya muda huwa mstari mmoja, katika gharama za awali, na ndiyo wa kwanza kukatwa bei ikiwa kubwa. Ndugu zangu wa ukadiriaji, mstari huo uandikeni kwa vipande: mtaro wa juu mita ngapi, mashimo mita za ujazo ngapi, kuzoa tope mara ngapi. Kitu chenye kipimo ni kigumu kukifuta.

Na tunaosoma Dar tusidhani ni habari ya kijijini. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe na kufika Jangwani ukiwa umebeba mchanga na tope la kila uwanja uliokwanguliwa njiani. Mto ukipanda kitako chake kwa tope, maji yanatafuta barabara. Kila aliyekwama Jangwani siku ya mtihani analijua hilo, ila huenda hakujua kwamba sehemu ya tope lile ilitoka kwenye saiti yenye mshale kama wangu.

Kisima cha mzee kilibidi kitolewe maji yote, kisuguliwe, kianze upya. Mkandarasi alikubali kumletea maji ya boza wakati huo. Ilikuwa katikati ya Februari, na Machi na Aprili zilikuwa bado mbele, hivyo bahati ilikuwepo. Nilipompigia bibi mwezi Mei aliniambia kisima kimefika kama robo tatu, yaani hakikujaa. Zidisha mwenyewe: kisima kikiwa robo tatu, siku 200 zinakuwa 150. Siku 50 za mwisho za kiangazi mzee atanunua ndoo, na mimi nitakuwa nimeshavaa joho.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Ukichora mshale wa maji, usiuache kwenye ukingo wa karatasi. Ongeza karatasi nyingine, au uvae viatu uufuate kwa miguu mpaka uone maji yanapoishia, na umkute mtu wa pale umuulize. Ukifika Agosti na hakuna mvua ya kuifuata, muulize yeye mvua hupita wapi. Atakujibu bila hesabu yoyote, na jibu lake litakuwa sahihi kuliko mchoro wangu uliopata alama nzuri.